Magofu ya Kilwa na Maneno ya Wazee

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ya Chama ilituomba tuseme machache juu ya habari za kale za nchi yetu, na hasa juu ya faida ya kwenda kupatazama kwa macho mahali pa kale na kuyasikiliza masimulizi ya watu wa hapo. Tulikubali kwa haya kidogo, maana wako miongoni mwenu waliohamishwa wilaya hata wilaya kwa miaka mingi, nao wameona mengi. Tena tumeonelea kwamba tukitaja kila gofu na kila pango tutasema kidogo juu ya kila moja, nanyi mtarudi majumbani mikono mitupu. Kwa hiyo tumechagua Kilwa, na mahali pengine tutapagusa kwa kupita tu.

Swali letu ni hili: nani aliyeujenga mji ule? Swali lenyewe ni jepesi kulisema, lakini jibu lake limetumika kwa muda mrefu kutuvunja moyo. Sote tumelisikia. Mawe yale, husemwa, ni ya Waajemi, au ni ya Waarabu, au ni ya Wareno. Babu zetu waliyabeba tu vichwani. Mtu akiliamini neno hilo, hata akisimama ndani ya msikiti wa miaka mia tisa huutazama kama nyumba ya jirani: huusifu, kisha hushika njia yake. Wengi wetu tuliotoka katika shule za misioni twaweza kuwataja wafalme wa Israeli na wa Yuda mmoja baada ya mmoja, pamoja na makosa ya kila mmoja. Si vibaya, ni elimu. Lakini tukiulizwa jina la mfalme mmoja tu wa Kilwa, twatazamana. Na wafalme hao walifua sarafu za shaba zenye majina yao. Moja ya sarafu hizo imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Na nyingine tano zidhaniwazo kuwa za Kilwa ziliokotwa mwaka wa 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na wataalamu wangali wakibishana zilifikaje huko.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Ziko Kilwa tatu, na mgeni huzichanganya. Kilwa Masoko ndiko kwenye ofisi za wilaya. Kilwa Kivinje iko kaskazini yake, mji wa biashara wa karne ya 19, na baadaye boma la Wajerumani. Kilwa Kisiwani ndiyo mama yao. Mtu hupata ruhusa kwanza pale Masoko, kisha hushika mashua, na upepo ukiwa mzuri mlango ule wa bahari hauchukui muda mrefu kuuvuka. Kisiwani wako watu, wavuvi na wakulima, si mahame. Watoto hucheza penye kuta, na mbuzi hupanda juu yake bila kumwomba mtu ruhusa.

Kitu cha kwanza kuonekana kutoka baharini ni Gereza, ngome iliyo kando ya maji. Wageni wengi huipiga picha wakidhani ndiyo Kilwa yenyewe, lakini ni kitu cha juzi. Wareno walijenga ngome pale mwaka wa 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuteka mji na kuupora, wakaiacha mwaka wa 1512. Hii isimamayo sasa ilijengwa na watu wa Omani, yapata mwaka wa 1800, juu ya masalio ya ile ya kwanza. Upande wake wa baharini umeporomoka kwa mawimbi. Basi na tuipite.

Ukiingia ndani kidogo waufikia Msikiti Mkuu. Hapa, ndugu, twawasihi msiwe na haraka. Sehemu ya kaskazini ni ndogo, nayo ndiyo ya kale zaidi, ya karne ya 11 hivi. Sehemu ya kusini ni kubwa kuliko ile mara nyingi, nayo iliongezwa baadaye, yenye nguzo safu kwa safu na makuba juu yake. Tazameni jiwe lake. Ni matumbawe, na matumbawe ni namna mbili. Liko lile gumu la nchi kavu, lililovunjwavunjwa kwa ajili ya kuta. Na liko lile la baharini, ambalo likitolewa majini bado ni laini, huchongeka kama mti, kisha likikauka huwa gumu. Hilo ndilo walilolitumia katika mihirabu, miimo ya milango, na nakshi. Chokaa waliipata kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo. Dari za nyumba zao zilikaa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, vyumba ni virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Mtu asiyelijua jambo hili hudhani kwamba watu wale walipenda kubanana. Sivyo, chumba kilipimwa kwa mti.

Twalikaza neno hili kwa sababu lina ushahidi ndani yake. Mtu aliyeshuka jana kutoka katika merikebu hajui ni tumbawe lipi lichongekalo, wala mkoko upi usioliwa na wadudu, wala rundo la kuni lipangwe namna gani ili mawe yaive yawe chokaa. Kazi hiyo ni ya watu waliokaa na bahari hiyo na misitu hiyo vizazi vingi. Mgeni aweza kuleta namna ya tao na mwandiko wa Kurani. Mikono iliyojua mawe ilikuwako.

Mwendo wa kutembea upande wa mashariki, juu ya genge la bahari, iko Husuni Kubwa. Jina lake maana yake ni ngome, na kwa ajili ya jina hilo ilidhaniwa kuwa ngome. Ilipofukuliwa ikaonekana kwamba lilikuwa jumba la mfalme, lenye vyumba zaidi ya 100, na nyua, na ghala za bidhaa, na birika kubwa lenye pembe nane mahali papatapo upepo wa bahari. Likaonekana pia jiwe lenye maandishi ya Kiarabu likimtaja al-Hasan bin Sulaiman, mfalme wa mwanzo wa karne ya 14. Hapa jiwe lililirekebisha jina, na sisi tulioshika kalamu ni vizuri tulikumbuke jambo hilo: jina la mahali ni shahidi, lakini shahidi aweza kukosea.

Mfalme huyo ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka wa 1331. Msafiri aliusifu mji kuwa mmoja wa miji mizuri, akaandika kwamba wengi wa watu wake walikuwa weusi sana, wenye chale usoni. Chale zile, mabwana, hazikutoka Shirazi. Utajiri wa mji ulitoka katika dhahabu iliyoshuka kutoka bara hata Sofala, kusini sana, na Kilwa ilipoishika njia hiyo ikapata kitu cha kujengea Husuni. Na pembe za ndovu kadhalika.

Sasa tuyaache mawe kidogo, tuje kwenye maneno. Habari za wafalme wa Kilwa ziliandikwa zamani, na maandishi mawili yametufikia. Moja ni muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka wa 1552. La pili ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, ambacho nakala yake iliyoko London ilinakiliwa Unguja mwaka wa 1877. Utangulizi wake waahidi sura 10. Zilizoko ni 7. Kila mmoja wetu aliyepata kukabidhiwa faili lenye kurasa pungufu auelewa uchungu huo, na pia ajua lawama humwangukia nani.

Kitabu chasema kwamba mfalme wa Shirazi na wanawe sita waliondoka kwao katika merikebu saba, na kila merikebu ikatua mahali pake. Moja ikafika Kilwa. Mkuu wake akakinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wake asiyekuwa Mwislamu, na bei ilikuwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Hayo ndiyo yanayokaririwa kila mara. Lakini kitabu hicho hicho chasema neno jingine, nalo waliosoma kwa haraka walilipita: ya kuwa wageni walipotua walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na watoto wake, na msikiti umekwisha kujengwa. Basi hata maandishi yaliyotungwa kuusifu ukoo wa wageni yakiri kwamba hawakukuta pori tupu.

Wazee wa Kilwa nao walikuwa na masimulizi yao, ambayo Mjerumani Carl Velten aliyapiga chapa kwa Kiswahili mwaka wa 1907. Wao humtaja mwenyeji kwa jina, mzee Mrimba. Husema mgeni, Sultani Ali, alimwendea kwa heshima akaomba mahali pa kukaa, akatoa zawadi za nguo na shanga, akamwoa binti yake Mrimba, wakakaa kwa amani. Ndipo akamshawishi mkwewe ahamie bara, na Mrimba akadai atandikiwe nguo kutoka kisiwani hata ng'ambo apate kutembea juu yake. Baadaye binti yule akazaa mtoto wa kiume. Naye alipokuwa mtu mzima akaenda kumwamkia babu yake bara, na babu akamkabidhi utawala wake.

Tuangalie mambo mawili katika masimulizi hayo. Nguo katika kitabu imekizunguka kisiwa. Nguo katika vinywa vya wazee imetandikwa juu ya maji hata bara. Karani mvivu atasema kwamba mojawapo ni uongo. Sisi twaona ya kuwa zote mbili zasema jambo moja, kwamba ukubwa wa wageni ulianza kwa biashara ya nguo, wala haukuanza kwa upanga. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mtoto aliupata utawala kutoka kwa babu mzaa mama. Mtu wa Shirazi hurithi kwa baba. Lakini ninyi mliofanya kazi Lindi, Masasi, na Newala mwajua desturi za kale za Wamwera, Wamakonde, na Wayao: urithi hupita upande wa mama. Basi wazee wa Kilwa, bila ya kukusudia kumthibitishia mtu neno lo lote, walieleza kwamba mgeni hakuweza kutawala mpaka damu yake ipite katika tumbo la binti wa nchi na kuhesabiwa kwa hesabu ya nchi. Anayezijua mila za wenyeji hulisoma jambo hili mara moja. Asiyezijua husoma hadithi ya nguo na kucheka.

Muda mrefu wataalamu hawakuyapa masimulizi hayo uzito. Wa kwanza waliamini merikebu saba kama zilivyo, wakaandika kwamba pwani yetu ilikuwa koloni la Asia. Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alifukua Kilwa kwa uangalifu mkubwa, akatoa kitabu chake mwaka wa 1974. Chini ya nyumba za mawe alikuta masalio ya nyumba za miti na udongo za watu waliokaa pale karne nyingi kabla ya kuta za matumbawe: wavuvi, wafua chuma, watengeneza shanga za kombe. Yeye mwenyewe alielekea kuwapa wageni sifa nyingi, ingawa aliusogeza mbele utawala wa Washirazi hata mwisho wa karne ya 12. Waliomfuata wamevipima tena vyungu vya zamani zile, wakaona kwamba vyungu vya namna hiyo hiyo hupatikana pwani yote na bara pia. Mji ulikua kutoka katika kijiji chake wenyewe.

Kisha wakatokea wengine waliokasirika, wakasema Mwajemi hakuwako kabisa, ni majivuno ya watu waliotaka babu wa mbali. Na sisi tulilipenda neno hilo, maana lilitufariji. Lakini mwezi wa Machi 2023 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, na Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Walitazama vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini. Wakaona kwamba watu wengi wa miji ile walikuwa na asili mbili: kwa upande wa mama, karibu wote ni Waafrika, kwa upande wa baba, wengi ni wa Asia, na hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka wa 1000.

Yalinganisheni hayo na maneno ya wazee. Mgeni wa kiume kutoka Uajemi. Binti wa mwenyeji. Mtoto mwenye haki pande zote mbili. Wazee walikuwa wamelisema tangu zamani, na Velten alikuwa amekwisha kulipiga chapa miaka mia moja na zaidi kabla ya mashine za kuchunguza mifupa. Basi jibu la swali letu ni kwamba mji ulijengwa na watu wa pwani hii, ambao mama zao walikuwa wa hapa na baadhi ya baba zao walikuja kwa bahari, wakabaki, wakawa wa hapa. Lugha yao ndiyo hii tunayosema jioni hii, na mifupa yake ni ya Kibantu.

Kitabu na kuta hupatana pia katika mambo madogo. Kitabu chasema kwamba Msikiti Mkuu ulianguka, na watu wakakaa muda mrefu bila kuwa nao mpaka ulipojengwa upya. Ukitazama nguzo na makuba utaona kazi ya karne ya 15 imekaa juu ya ile ya kwanza. Hatutaki kusema kwamba masimulizi hayakosei. Hukosea sana, na kwa kusudi, hasa pale ukoo fulani unapotaka cheo. Lakini karani hatupi ushahidi kwa sababu shahidi ana masilahi yake. Huyaandika masilahi hayo pembeni, kisha hulinganisha.

Sasa tuseme neno lisilopendeza, maana tukilificha tutakuwa tumefanya kama wale waliotunga kitabu cha wafalme. Ibn Battuta asimulia ukarimu wa al-Hasan bin Sulaiman: maskini alimwomba nguo alizovaa, naye akampa. Mwanawe mfalme alipozichukua nguo kwa maskini akamlipa badala yake watumwa 10. Na mfalme aliposikia jinsi watu walivyomshukuru akaongeza watumwa wengine kama hao, na mizigo miwili ya pembe. Hadithi hii husomwa kwa furaha, kwamba mfalme alikuwa mkarimu. Alikuwa mkarimu kwa watu wa watu. Msafiri yule yule aeleza kwamba mfalme alikuwa akizivamia nchi za bara. Mwaka wa 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkubwa ambao watu waliotekwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa walipitishwa kwenda Unguja na kwingineko.

Basi nani aliyeyapanga mawe ya Husuni, na kwa ujira gani? Tukidai kwamba Kilwa ni yetu, na iwe yetu yote. Katika mkutano huu huenda wamo wajukuu wa waliouzwa wakanusurika, na wajukuu wa waliouza, na tena wengine wenye mababu wa namna zote mbili. Twafikiri watu wazima waweza kukaa chumba kimoja na habari hiyo.

Wilaya hiyo hiyo ya Kilwa ina mahali pengine pasipo ukuta hata mmoja wa kale, napo patufundisha zaidi. Ni Nandete, katika milima ya Matumbi, penye ukumbusho wa Vita vya Maji Maji. Hapo mwezi wa Julai 1905 Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walisimama wakang'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Vita viliendelea hata mwaka wa 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, walikuwa makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu.

Twajuaje majina ya wale wawili? Ni kwa sababu mwaka wa 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwauliza wazee walioviona vita vile au waliosikia kwa baba zao. Wazee walieleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na kiboko, na ujira usiotosha kununua chumvi, na namna ujumbe ulivyopita kutoka mtu hata mtu usiku. Maofisa wengi wa Kijerumani waliandika juu ya uchawi. Wazee walieleza sababu. Ulikuwa umepita muda wa miaka 63 tangu vita kuanza. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati ule alikuwa na 78. Kama wanafunzi wale wangalingoja miaka 15 zaidi, wangalikuta makaburi.

Hili ndilo linalotusumbua. Mawe yana walinzi. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi makumbusho katika Tanganyika ilitungwa mwaka wa 1937, na Sheria ya Mambo ya Kale mwaka wa 1964. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yametiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka wa 1981. Mwaka wa 2004 yalitajwa kuwa katika hatari, kazi ikafanywa, kuta zikatengenezwa, na mwaka wa 2014 yakaondolewa katika orodha ya hatari. Ni kazi njema, ingawa bahari haisomi sheria. Lakini mzee hana sheria ya kumhifadhi. Ukuta ukianguka hubaki mawe yake. Mzee akifa na habari zake, hakuna cha kufukua.

Tena pako mahali ambapo kuhifadhi mawe na kuhifadhi mila hugombana, na mtumishi wa serikali huwa katikati. Kule Kolo, wilaya ya Kondoa, yako mapango yenye michoro ya kale sana, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2006. Katika moja lao, Mungomi wa Kolo, waganga na wazee wangali wakitambika, na pombe ya tambiko hurushiwa mwambani. Mtaalamu husema michoro yaharibika. Mzee husema pango bila tambiko ni jiwe tu. Sisi hatuna hukumu tayari, ila twaona kwamba anayemfukuza mzee ili kuulinda mchoro asishangae wajukuu wa mzee huyo wakiandika majina yao ukutani kwa mkaa.

Basi, ndugu wanachama, kwa nini tumewaletea mambo haya ninyi, wala si waalimu wa chuo? Kwa sababu ninyi ndio mnaohamishwa. Karani hupelekwa Kilwa, kisha Songea, kisha Kondoa. Hukaa na watu baada ya kazi. Hujua kuuliza, hujua kuandika tarehe. Mtaalamu huja kwa majuma matatu, na wazee humpa habari za majuma matatu. Wewe uliyekaa miaka minne, uliyezika nao na kula nao harusini, utapewa habari nyingine.

Halmashauri imekubali tuanze na daftari, moja kwa kila kituo chenye wanachama. Maombi yetu juu ya uandishi ni haya. Andikeni jina la msimuliaji na kijiji chake, na yeye alisikia kwa nani. Maneno "inasemekana" yasionekane. Aliyesema ana jina. Andikeni kwa lugha aliyosema mwenyewe, hata kama Kiswahili chake si cha kitabuni, na maneno ya Kimatumbi au Kiyao yaacheni kama yalivyo. Wazee wawili wakipingana, waandikeni wote wawili, wala msiwapatanishe. Habari inayomwaibisha mtu aliye hai isitiwe daftarini. Siri ya tambiko iliyosemwa kwa amana ibaki amana. Si kila kitu ni cha kupiga taipu. Wanawake waulizwe na wake zetu au mabinti zetu, kwani Mrimba tunamjua jina lake, lakini binti yake aliyeunganisha pande mbili hakuna aliyetuandikia aliitwaje.

Nakala mbili zitapigwa: moja itabaki kituoni, moja italetwa kwa Mwandishi wa Chama. Daftari kumi na mbili ziko mezani kwake sasa, na wale watakaohamia wilaya za kusini twawaomba wachukue za kwanza. Maswali tu tayari kuyapokea, na wazee waliopo wakituonyesha tulipokosea tutashukuru.